Nilimtania Shemeji Hadi Akashika Waya

Shemeji yangu hakuusogelea ule waya kwa kupenda. Mimi ndiye niliyemsukuma, kwa maneno. Sijamwambia mke wangu, na marehemu alikuwa mdogo wake wa pekee wa kiume. Nawaambia ninyi kwa sababu hamnijui.

Ninaishi Kibaha, nyuma ya kituo cha Kwa Mathias. Kwetu ni Tabora, mimi ni Mnyamwezi. Mke wangu ni Mzaramo wa Msimbu, Kisarawe. Wanaojua wanajua maana yake: makabila yetu ni watani. Ongeza na ushemeji juu yake, basi mimi na Shomari hatukuwahi kusalimiana kama watu wenye akili timamu. Akifika getini anauliza kama mbeba mizigo yupo. Mimi namjibu kwamba ngoma imeshaisha, arudi kwao. Mgeni angedhani tunagombana. Nilimpenda sana yule kijana.

Jumamosi hiyo ya masika alikuja na pikipiki, amebeba mihogo na mananasi. Tulipomaliza kula mchana, mvua ikashuka na upepo ambao sijauona tangu tuhamie hapa. Bati la banda la kuku likaruka. Tawi la mkorosho wa jirani likavunjika na kuangukia waya unaoleta umeme kwetu kutoka kwenye nguzo. Mtaa mzima ukazima.

Mvua ilipopungua, mimi na Shomari tukatoka kuangalia. Waya ulikuwa umelala juu ya geti letu la chuma. Gamba lake lilikuwa limechubuka pale tawi lilipoupiga, shaba inaonekana. Chini ya geti maji yalikuwa yametuama.

Gari langu lilikuwa ndani na nilitaka kutoka. Naandika nilikokuwa nakwenda ili mjue mtu alikufa kwa ajili ya nini. Simu yangu ilikuwa imeisha chaji. Nilitaka niende kwenye duka lenye jenereta, niichaji, nijue mpira umeishaje. Ndiyo hayo tu!

Shomari aliuangalia ule waya, akasema tuuache, tuwapigie watu wa umeme. Nikamwambia majirani wameshapiga. Sikuwa na uhakika wowote. Baadaye niliuliza nyumba moja baada ya nyingine, nikakuta kila mmoja alidhani mwenzake amepiga. Hakuna aliyepiga. Watu wa umeme hawakujua kwamba kuna waya umelala getini kwangu.

Nikamwonyesha mita yetu ilivyozima. Nikamwonyesha nyumba za jirani, zote kimya. Nikamwambia waya usio na umeme hauna tofauti na kamba ya kuanikia nguo.

"Shemeji, mimi naogopa," alisema.

Hapo hakuwa anatania. Mimi ni mtu wa kuangalia mambo, na nililiona hilo. Alikuwa amerudi nyuma na kuweka mikono mfukoni, na hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anautazama waya. Yote hayo niliyaona, na bado nikafungua mdomo.

Nikamwambia ingekuwa ngoma yao ya mdundiko inapita huko nje, angeshaliruka hilo geti zamani.

Akacheka kidogo. "Mizigo kazi yenu. Babu zako walibeba mpaka Bagamoyo, wewe unashindwa kubeba waya?"

Ningecheka na mimi, mambo yangeishia pale. Lakini ng'ambo ya geti alikuwa amesimama jirani yetu, Mama Neema, na vijana wawili wa mtaani, wanatusikiliza. Utani ukishapata wasikilizaji haukubali kuisha. Nikapaza sauti ili nao wasikie. Nikasema mwanaume wa ukoo ule ni dada yake, nami nimeshamwoa, kwa hiyo Msimbu wamebaki bila mwanaume.

Wakaangua kicheko. Mimi nikachomoa ufito kwenye banda la kuku, nikamkabidhi, nikamwambia mti haupitishi umeme. Ule mti ulikuwa unachuruzika maji.

Kwa watani, mtu hakasiriki. Akikasirika ameshindwa. Ama ajibu, ama afanye. Shomari alikuwa ameishiwa majibu.

"Sasa nikiutoa, utaacha kelele?" akaniuliza.

Akavua viatu ili visilowe. Akaingia kwenye yale maji, akashika geti kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akaanza kuunyanyua waya na ule ufito.

Umeme ukarudi.

Mnajua mtaa unavyokuwa umeme ukirudi. Watoto walishangilia nyumba kwa nyumba. Redio ya jirani ikaanzia katikati ya wimbo. Watu wanafurahi kila upande, na Shomari ameganda kwenye geti, halimwachii.

Nilimkimbilia. Mama Neema akanipigia ukelele nisimguse. Nikakimbia ndani, nikazima swichi kuu, nikarudi nikamkuta vilevile. Swichi ile inakata umeme wa ndani ya nyumba. Waya ulioanguka uko nje, kabla ya mita, na wewe huna pa kuuzimia. Hilo nilijifunza nikiwa nimesimama pale, namtazama.

Kijana mmoja alipiga simu, ile simu niliyosema imeshapigwa. Watu wa umeme wakaukata huko kwao. Shomari akaanguka. Hospitalini walimpokea, hawakuwa na cha kufanya.

Mke wangu alikuwa jikoni muda wote ule. Aliponiuliza ilikuwaje, nilisema nilimkataza lakini hakunisikia, alitaka kunisaidia nitoe gari. Mama Neema alikuwepo niliposema. Hakunipinga. Alicheka siku ile, na anajua kwamba alicheka. Sasa tukikutana njiani anageuza uso.

Tulimzika Msimbu. Kwa kawaida, mtani msibani ana kazi yake. Anatania mpaka kaburini, anamsema marehemu, anazuia watu njia mpaka apewe chochote, ili wafiwa wapate kupumua. Mzee mmoja wa ukoo alinisogelea akaniuliza kwa upole, "Mtani, mbona umekaa kimya? Leo ndiyo siku yako."

Nikainamisha kichwa. Wakasema jamani, huyu alimpenda kweli. Wakanipa pole nyingi kuliko walivyompa mke wangu!

Kisha mama mkwe akaniita ndani. Nilimwamkia, akaitikia, akanishika mkono akanikalisha kwenye mkeka. Akasema, "Baba, wewe ndiye uliyekuwa naye mwisho. Mwanangu alisema nini?"

Nikamwambia alisema, "Msalimie mama."

Alilia, akanishukuru. Tangu siku hiyo maneno hayo yamekuwa yake. Anawaeleza wageni, anawaeleza wanaopiga simu, na mke wangu huyarudia usiku akishindwa kulala. Nikiwaambia ukweli leo, nitakuwa nimewaulia mtu wao mara ya pili. Nisipowaambia, nitakula nao sahani moja maisha yangu yote nikiwa mwongo. Nimelipima jambo hili kila upande, na sijaona pa kutokea.

Wiki hii ni arobaini yake. Mke wangu ameniomba nisimame mbele ya watu, nieleze dakika zake za mwisho, kwa kuwa mimi nilikuwepo. Nimekubali. Nitasimama, na nitasema alichotuma kwa mama yake.

Wewe unayesoma, mvua ikiangusha waya kwenu, usiuguse, usimtume mtu auguse, wala usiusogeze kwa mti. Giza la nyumba halikwambii kitu kuhusu waya. Umeme unarudi bila kubisha hodi. Zuia watoto, zuia wapita njia, na piga simu mwenyewe hata kama mtaa mzima unaapa umeshapiga.

Na kama yuko mtu anayekwambia anaogopa, mwache aogope.