Ukurasa wa Mlango

Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya maji, Dodoma. Tulitoa vijitabu vya kuwaelekeza watunza pampu wa vijijini. Kurasa zilizofanana hatukuzichapa upya. Stensili zake, zile karatasi za nta za kudurufia, zilikaa kwenye bahasha: usafi, grisi, usalama. Kijitabu kipya kikihitajika, nilitoa stensili, nikadurufu, nikabana pini.

"Kilichokwisha chapwa hakichapwi tena," mkuu wangu alisema. "Karatasi hazioti shambani kwa baba yako."

Ukurasa wa usalama uliandikwa kwa pampu za umeme. Ulisema: *Mashine inapofanya kazi, funga mlango, watoto na mifugo wasiingie.*

Biashara ya nje ilipofunguliwa, injini za dizeli za kuendesha pampu zikaanza kuletwa. Moja ilifungwa Busi, kijijini kwetu, na mume wangu akapewa kazi ya kuitunza. Kijitabu chake nilikitengeneza mwenyewe. Ukurasa wa usalama niliutoa kwenye bahasha ileile. Nilijua ulikotoka. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Nilipokwenda likizo nikamkuta anaendesha injini mlango ukiwa wazi, mbuzi wawili wamelala kizingitini.

"Kitabu kinasema ufunge," nikamwambia.

"Moshi unaniuma macho, mama."

"Wewe unajua kuliko mainjinia?"

Akacheka. "Haya, karani mkuu. Nitafunga, usije ukanishtaki."

Akafunga. Siku ya nne baada ya mimi kurudi kazini, walimkuta ndani, ameketi, mgongo ukutani. Injini ilikuwa imezimika yenyewe kwa kuishiwa mafuta. Kijitabu kilikuwa kwenye msumari.

Mkuu wangu alikuja mazikoni na gari la ofisi. Aliwaambia watu, "Marehemu alikuwa mtu wa kufuata maelekezo." Wakaitikia kwamba ni kweli.

Mama mkwe hakujua kusoma. Alinipa kile kijitabu nimsomee pale palipomwagiza mwanawe ajifungie. Nikasoma.

"Aliyeandika hivi aliwahi kuuona moshi wa mashine?"

"Ni mimi niliyeuweka huo ukurasa, mama. Na ni mimi niliyemwambia afunge."

Akavuta mkeka wake mbali na wangu. Tangu hapo nikimwamkia shikamoo, hajibu. Simlaumu.

Niliporudi ofisini, mkuu alikuwa na kijiji kingine cha dizeli. "Pole, dada. Toa zile za kwenye bahasha, wanasubiri."

Nilichapa ukurasa mpya: *Injini inapofanya kazi, acha mlango wazi.*

"Unapoteza stensili," alisema. "Ipo ya usalama."

"Hiyo ndiyo iliyomuua."

Akautia saini ukurasa mpya. Alasiri nikaishika ile ya zamani niichane. Nikaisoma tena, neno kwa neno. Kwa pampu za umeme haikuwa na kosa lolote. Nikaandika juu ya bahasha "Umeme tu", maneno mawili ambayo yangenichukua muda uleule kabla hajafa, nikairudisha ndani.