Midomo Myekundu

Saa nne na dakika kumi asubuhi ya leo jirani alianza kuchemsha rangi ya mikeka, na harufu yake chungu ikaingia mpaka chumbani kwangu.

Ilinikumbusha siku moja nilipokuwa na miaka minane. Bibi alikwenda kisimani, akaniacha nimwangalie mdogo wangu wa miaka miwili. Sufuria ya rangi nyekundu ilikuwa imeepuliwa tangu alfajiri na imeshapoa. Nilikuwa naanika chane za ukindu, zile za kusukia ukili wa mkeka, na nilipogeuka mtoto alikuwa amekaa kando ya sufuria. Midomo yake, meno ya mbele na kidevu vilikuwa vyekundu.

Nilimwita, akanitazama tu. Nilianza kulia. Kuku wetu wawili waliwahi kunywa rangi kama ile, wakafa.

Bibi alirudi, akatua ndoo, akapiga magoti mbele yake. "Umekunywa, mume wangu? Hebu toa ulimi."

Ulimi ulikuwa safi. Mtoto alifumbua ngumi, akatoa uchane mmoja uliolowa rangi, akaubana kwa meno na kuchezesha vidole hewani. Hivyo ndivyo Bibi alivyosuka kila siku, uchane wa akiba ukiwa mdomoni.

"Usilie, mke mwenzangu," Bibi aliniambia. "Mwenzio anasuka huyo."

Alicheka, lakini aliibeba sufuria hadi nyuma ya nyumba na kuimwaga rangi yote shimoni. Ilikuwa rangi ya shilingi mia nne, fedha nyingi kwetu siku hizo.