Kurunzi Upande wa Mafia

Tulikuwa watatu ndani ya mashua. Nahodha alikuwa shemeji yangu, mume wa dada. Wa pili ni mzee mmoja wa Ruaruke, hodari wa tanga. Na mimi, niliyeacha kulima mpunga mwaka ule ule. Tulitoka mdomo wa Rufiji alasiri na shehena ya nazi, tukielekea Unguja. Usiku zamu ya usukani ikanifikia, wenzangu wakajilaza chini ya turubai.

Hazikupita dakika nyingi nikamwamsha shemeji, nikamwambia kuna meli inatujia. Akainuka, akatazama.

"Ile nyota, shemeji. Ndiyo kwanza inachomoza."

Mzee alicheka mpaka akapaliwa. Niliona haya sana.

Baadaye, wameshalala tena, nikaona mwanga upande wa Mafia, chini kabisa, usawa wa maji. Ukawaka mara tatu, ukazimika. Ukawaka tena mara tatu. Nikajiambia ni wavuvi na taa zao, ingawa nilijua taa ya mvuvi haikatiki-katiki hivyo. Nikamtazama shemeji anavyokoroma. Sikumwamsha. Mwanga ukabaki nyuma yetu.

Siku ya sita tuliporudi bandarini kwetu Nyamisati tulikuta msiba. Ngalawa ya baba mmoja na mwanawe ilipasuka upande wa Mafia ikajaa maji, wakaing'ang'ania siku mbili. Mwana aliokolewa. Baba hakuonekana tena.

Nilimvuta shemeji pembeni nikamweleza. Rangi ikambadilika.

"Mbona hukuniamsha?"

"Niliogopa mtanicheka tena."

Akakaa juu ya gogo. "Basi na mimi nimo," akasema.

Sikuweza kula vizuri. Kwenye hitima nilikaa nyuma na kutoka wa kwanza. Ilipopita arobaini ndipo nikaenda kwa yule kijana. Nilimkuta barazani akishona wavu. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama.

"Uliuona mwanga mara ngapi?" akauliza.

"Mara mbili. Tatu, halafu tatu."

"Baba ndiye aliyekuwa akiwasha kurunzi. Mimi mikono ilishakufa ganzi." Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Aliliona tanga lenu. Akaniambia, tumeshapona."

Nilisimama pale mpaka ikaadhiniwa alasiri.

"Nenda ukaswali, kaka," akasema, bila kuinua uso.

Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kumwomba.