Taa Niliyoitengeneza Ikammulika Mama Mkwe

Mpaka leo nikipita soko la Zombe huvuta kofia hadi machoni, na si kwa sababu ya jua. Siwalaumu wanaonicheka. Hii aibu ningesimuliwa kuwa imempata mtu mwingine, ningecheka hadi nikae chini, lakini ilinipata mimi, mbele ya kanisa zima, tena nikiwa nimevaa koti la kuazima.

Shule niliiacha darasa la saba, lakini kufungua vitu sijawahi kuacha. Nimechunga ng'ombe wa watu Tseikuru, nimetengeneza pampu za maji Kalamba, nimefungua redio, simu, mashine za kunyolea na saa ya mzee mmoja (hiyo haikurudi kuwa saa, tuiache hapo). Zombe nilikuja kwa kazi ya wiki moja, nikampata Mwende, nikakaa. Wazee wangu walikuwa tayari kupeleka mbuzi watatu wa ntheo, wale ambao kwetu Ukambani wakishapokelewa nyumbani kwa msichana, basi huyo ni mke wako na hakuna wa kubisha. Siku ilikuwa Jumamosi. Niliyoyafanya niliyafanya Jumapili iliyotangulia.

Sasa, mamake Mwende. Jina lake silitaji hata hapa, maana kwetu mwanamume hataji jina la mama mkwe, hamtazami usoni, hamgusi, na akimwona anakuja njiani anapinda njia nyingine. Heshima hiyo tunaiita nthoni. Mimi niliishika kuliko wote, kwa sababu sina shamba wala cheti na nilitaka angalau wasiseme sina adabu. Nilipinda hadi nikaingia kwenye miiba. Na huyo mama ndiye aliyeongoza kwaya ya akina mama kanisani, sauti yake ukiisikia mara moja huisahau tena.

Kanisa lenyewe lilikuwa limepewa taa ya jukwaani iliyotumika, ile ambayo kichwa chake hujigeuza chenyewe, juu na chini, kulia na kushoto. Ilipofika, juu na chini ilienda vizuri, lakini upande kwa upande ilitetemeka tu mahali pamoja ikilia kama kuku anayetaka kutaga. Mchungaji akauliza ni nani anaweza kuiangalia. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza.

Nikaifungua. Ndani mna mota ambazo hazizunguki ovyo kama za feni, zinaenda hatua kwa hatua, hatua ndogondogo, na taa inazihesabu ili ijue inatazama wapi. Ya kugeuza upande ilikuwa imeungua, ilinuka. Mwalimu Kilonzo, anayeshughulikia vyombo vya sauti na taa pale kanisani, akaagiza nyingine Nairobi, ikaja na basi. Ukubwa sawa, matundu ya skrubu sawa, nikahamisha gurudumu lenye meno, nikavalisha mkanda. Tatizo likawa moja tu: plagi ya mota mpya haikuingia.

Hapa ndipo nilipojichimbia. Nyaya zilikuwa nne. Nilikata plagi ya zamani nikaunga rangi kwa rangi, nyekundu na nyekundu, buluu na buluu.

"Umepima kwanza?" Mwalimu akaniuliza. "Pengine hawa wamepanga rangi zao tofauti."

"Mwalimu," nikamwambia, "nyekundu ni nyekundu hata Uchina."

Akacheka, nami nikacheka. Tukawasha. Kichwa kikagonga kidogo, ka-ka-ka-ka, kisha kikaenda upande huu, kikarudi upande ule, laini kama siagi.

"Mbona inagonga?"

"Mkanda mpya unajizoeza." (Mtu anayejua kidogo hakosi jibu.)

Jumapili ilikuwa ya kufungua kanisa jipya, wageni wamejaa, madirisha yamezibwa kwa vitambaa vyeusi ili taa zionekane ijapokuwa ilikuwa saa tano mchana. Taa yangu ilisimama nyuma kabisa ya jukwaa, katikati. Kulia kwake madhabahu. Kushoto, akina mama walikuwa wametundika mashuka meupe kwenye kamba, wakawa na kachumba ka kubadilishia nguo, maana baada ya maombi kwaya ilitakiwa kutoka na vitenge vipya.

Mchungaji akainua mkono. "Mwangaza na uje madhabahuni!"

Mwalimu akabonyeza. Kichwa kikageuka polepole, kwa madaha. Nikamgusa jirani yangu kwa kiwiko: "Hiyo ni kazi yangu."

Kikaenda kushoto.

Mwanga ukayapiga yale mashuka kwa nyuma, na juu yake, mbele ya wageni wote, kikatokea kivuli cha mwanamke, kikubwa kutoka sakafuni hadi karibu na mabati, mikono juu, nguo imemkwama kichwani, anajinyonganyonga. Shingo zote zikanyooka. Halafu ile sauti ikatoka.

"Wuui! Nivuteni! Nivuteni hii kitu, nimekwama!"

Kila mtu aliijua. Mtu nisiyeruhusiwa hata kumtazama uso nilikuwa namtazama mzima mzima, tena kwa ukubwa wa nyumba, na macho yalikataa kufumba.

"Mwalimu, itoe hapo!" nikapiga kelele.

"Naipeleka kulia inaenda kushoto!" akajibu, na kwa hofu akazidi kuisukuma kulia, nayo ikazidi kushoto, kivuli kikanenepa. Ndipo nilipoelewa. Nyaya zilikuwa kinyume, na mota ilikuwa inafuata kila amri vizuri kabisa, ila kinyume. Mezani ningejuaje? Kule na huku ni sawa kama hakuna aliyekaa upande wowote.

Angeizima tu kwa mitambo yake, lakini vidole vyake vilikuwa vimeganda. Basi nikakimbia mimi. Soketi ya waya mrefu iliyowasha ile taa ilikuwa humo humo ndani ya mashuka, na mimi kwa akili yangu ya darasa la saba nikaona nikifumba macho sitakuwa nimevunja nthoni. Nikaingia nimefumba. Nikajikwaa, nikashika kamba, mashuka yote yakaanguka, akina mama wakapiga yowe, nami nikapapasa sakafuni nikaupata ule waya, nikaushika kwa nguvu zangu zote nikavuta.

Haukuwa waya. Ulikuwa mguu.

Nikafumbua macho. Alikuwa amesimama juu yangu katikati ya mwanga, nguo imeshashuka mahali pake (Mungu ni mwema), kilemba kimelala upande mmoja, ananitazama kama mtu anayetazama nyoka kwenye jiko.

"Wewe kijana," akasema, "kwani wewe ni nani?"

Alikuwa hanijui! Nilikuwa nimemkwepa vizuri mno, hajawahi kuuona uso wangu. Ningesema mimi ni fundi tu. Lakini Mwende alikuwa mstari wa tatu, mkono mdomoni, ananisubiri.

"Ni mimi, mwaitu," nikasema, yaani mama, nikiwa bado nimeshika kifundo chake. "Wa Mwende."

Kanisa likalipuka. Mzee mmoja alilia kabisa, akifuta macho kwa kofia. Mchungaji akaomba tufumbe macho tuombe, na nadhani alitaka tu kupata mahali pa kuchekea.

Jumatatu nilibadilisha nyaya mbili, dakika chache tu, taa ikatii. Kisha nikajifungia chumbani siku mbili, nikihesabu kwamba mke sina tena. Jumatano shangazi yake Mwende akaja, akakataa kuketi, akasema ametumwa.

"Mama amesema wale mbuzi watatu ni wa msichana, waje Jumamosi kama mlivyopanga. Wa nne ni wake mwenyewe, wa kumwosha aibu ya nthoni uliyoivunja. Na amesema awe mnono, kwa sababu ulivuta sana."

Nilimchagua mwenyewe, mnono kuliko wenzake wote, nikampeleka kwao kwa miguu jua likiwaka bila kunung'unika. Na tangu hapo, kitu chochote nikiletewa, kabla ya kuunga napima, na kabla ya kuwasha nauliza ni nani amekaa upande ule mwingine.