Kwa nini njia ya baiskeli ya Kitale–Bungoma ilikuwa inapinda pale Kuywa: mama mkwe anajibu

Wakuu wa jukwaa la baiskeli, nawasalimu, wazee kwa vijana.

Mimi ni binti wa Wanyonyi na Nafuna. Nilizaliwa Cheptais, upande ule ambao vitunguu hunenepa na baridi haina huruma. Niliolewa huku chini, kwenye mteremko unaotazama Mto Kuywa, na ndiko niliko hadi leo.

Darasani sikuingia. Anayeandika ni mjukuu wangu Nekesa, naye ameonywa: aandike nisemavyo, asiongeze chumvi wala vile vikatuni vya kucheka. Ninayosema ni kweli, na ng'ombe wangu ni shahidi. Mtaona sababu.

Nekesa amenisomea mliyoandika hapa kuhusu njia ya siku mbili, ile inayotoka Kitale, ikapita vilima vya chini ya Mlima Elgon, ikashuka bonde la Kuywa mpaka Bungoma. Mmeisifu, vizuri. Kisha wenye ramani ya zamani mkauliza kwa nini ilikuwa ikikaribia mto inakata kushoto, inapanda vilima vitatu bila faida, halafu inashuka kwenye maji yaleyale.

Mmoja wenu ameandika ati aliyeichora alikuwa amelewa.

Aliyeichora ni Barasa, baba yake Nekesa, mume wa binti yangu. Pombe hanywi. Alikuwa ananikwepa mimi.

Kwetu Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake hawakutani ovyo. Hawapeani mikono, hawali pamoja, na wakionana njiani mmoja huingia shambani mpaka mwenzake apite. Hiyo si chuki, ni heshima. Iko siku ya kuilegeza, kwa zawadi na wazee wakiwepo, lakini yetu haijafika, nami sina haraka.

Sasa, njia fupi ya kushuka mtoni inapita katikati ya boma langu, kati ya nyumba na jiko.

Barasa, mtu mzima mwenye baiskeli ya gia ishirini na moja, akaona ni heri awapandishe wageni vilima vitatu kuliko kupita mbele ya sufuria zangu.

Kwa heshima, nilimsifu. Kwa akili, nilinyamaza.

Safari ninayowasimulia ilikuwa mara yake ya kwanza kuongoza wageni. Kazi ya gereji pale Kitale alikuwa ameiacha mwezi huohuo. Alimwambia binti yangu kwamba safari ikifaulu, hii ndiyo kazi yake. Isipofaulu, atarudi gereji kupiga magoti.

Mchana wa siku ya pili nilikuwa nachambua maharagwe uani. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo. Nikaona watu wanane wanapanda kutoka mtoni wakisukuma baiskeli, matope mpaka magotini, vichwani wamevaa vitu kama maboga yaliyokatwa nusu.

Mbele alikuwa mwanamke mrefu, mwalimu kutoka Kitale.

"Habari ya mchana, Kukhu," akasema, kwa jina tunaloitia nyanya huku kwetu.

"Njema. Mmepotea?"

"Daraja la huko chini limebebwa na maji. Jirani ametuambia wewe unajua pengine pa kuvukia. Guide wetu ndiye alikuwa akuje kuuliza, lakini amefika hapo kwa ghala akakataa kusonga. Ati hawezi."

Ghala langu la mahindi limeinuliwa kwa nguzo. Chini yake nikaona miguu miwili yenye soksi za manjano, na juu ya soksi, kaptula iliyobana kama ganda la haragwe.

Nikageuza macho mara moja. Miguu ile sikuwahi kuitazama, lakini aibu yake niliitambua.

Kijana mmoja wa hao wageni alikuwa kwenye simu. "Leta pickup, bana. Huyu jamaa ametupoteza. Sisi tunarudi Kitale."

Mwalimu akanikaribia. "Kukhu, hiyo pickup ikija, huyu guide amekwisha. Wamesema wataandika kwa mtandao asiajiriwe na mtu tena."

Kuzungumza na mkwe wangu sikuweza. Kunyamaza nako hakukufaa. Kati yangu na ghala alikuwa amefungwa ng'ombe wangu, Sukari.

"Sukari," nikasema, "kama yuko mwanamume huko nyuma, muulize nani alimwambia daraja la chini ni zima."

Sauti ndogo ikatoka nyuma ya ghala. "Sukari, mwambie Mama ni ramani ya simu."

"Sukari, muulize kama hiyo ramani imewahi kuvuka Kuywa na gunia la vitunguu kichwani."

"Sukari, mwambie Mama... bado."

Kijana akaishusha simu yake. "Ngoja, ngoja. Kumbe hapa GPS ni ng'ombe?"

"Ng'ombe huyu," nikamwambia, "hajawahi kunipeleka kwenye daraja ambalo halipo."

Wakacheka wote, isipokuwa yule wa nyuma ya ghala, ambaye Mwalimu alikuwa akimpiga picha kwa simu. Sauti yake ikaja tena, na sasa haikuwa na mzaha hata kidogo.

"Sukari, mwambie Mama anisaidie. Wakirudi na pickup, sina pa kwenda."

Wakuu, mimi ni mtu mkali. Nekesa anatikisa kichwa kukubali, na hilo aliandike.

Lakini nilijua pa kuvukia. Juu kidogo, mto unagawanyika kuzunguka kisiwa cha mawe, na hata mvua ikinyesha maji hayapiti kifundo cha mguu ukijua pa kukanyaga. Nilipitia hapo nikiwa bibi harusi mpya, nikitoka kwetu na vitunguu. Mahali kama hapo huwezi kupaeleza kwa mdomo. Ni mpaka upaonyeshe kwa miguu yako.

Kwa hiyo ama nifuatane na mkwe wangu njia moja, ama nikae na desturi yangu uani huku kazi yake inapakiwa kwenye pickup.

Nikamfungua Sukari.

Tulikwenda hivi: mimi na ng'ombe mbele, wageni katikati, na mbali kabisa nyuma, Barasa, macho chini. Nilitoa amri kwa sauti, kupitia kwa Sukari, kwamba yeyote mwenye kaptula akae mwisho. Wageni wote walikuwa na kaptula. Walielewa hata hivyo.

Mtoni nikasimama ukingoni, nikaonyesha mawe kwa fimbo. Sukari akaingia kunywa, wakaona maji yanamfikia wapi. Mmoja mmoja wakavuka, baiskeli mabegani. Yule kijana wa simu akateleza, akakaa majini kama bata, akainuka akisema yuko sawa.

Ilipofika zamu ya Barasa, niligeuka nikautazama mlima. Nikasikia viatu vyake vinasimama nyuma yangu.

"Sukari, mwambie Mama..." akaanza, asimalize.

"Sukari," nikasema, "mwambie avuke. Wageni wake wanamngoja."

Bungoma walifika kabla ya mvua ya jioni. Pickup haikuitwa tena.

Wiki iliyofuata nikatuma neno kupitia kwa binti yangu. Njia ipite bomani kwangu. Wakifika kwenye mikaratusi kule juu, Barasa apige kengele mara mbili, nami nitaingia jikoni hadi wapite. Jibu likarudi kwamba baiskeli yake haina kengele. Gia ishirini na moja, kengele hakuna! Ilibidi akanunue.

Siku ya kwanza ya njia mpya nikasikia kengele, mara mbili. Nikaingia jikoni, nikafunga mlango. Nilitarajia wapite mbio kama ndege waliofukuzwa kwenye mtama.

Nikasikia breki. Kisha sauti ya Barasa, ya mtu anayejua kazi yake:

"Hapa tunashuka. Helmeti mtoe. Hii ni nyumba ya mama aliyenipa mke. Mtapanda tena mkishapita ule ua."

Sikusikia gurudumu likikimbia. Nilisikia viatu tu, polepole, hadi mwisho wa boma. Nilikuwa nimeshika mwiko, na uji ukaungua. Mimi siunguzi uji.

Funzo langu ni hili, nanyi mlipime: ramani hujua njia ilipo, lakini haijui njia ni ya nani. Kabla hujamcheka aliyepinda, uliza alikuwa anamheshimu nani.

Uwanja ni wenu. Aliyeandika habari ya pombe aanze yeye, tena kwa adabu. Na kama kuna mwingine anayezunguka vilima kwa sababu ya mama mkwe, aseme, asione haya. Nekesa atanisomea yote.

Nawe Nekesa, sikiliza. Ile picha ya baba yako nyuma ya ghala, aliyoipiga Mwalimu akakutumia, ifute. Sitaki ibaki duniani. Maneno aliyowaambia wageni mbele ya jiko yaandike kwenye karatasi, uyatie ndani ya Biblia yangu. Atakapokuja kijana wa kutaka kukuoa, mpe ayasome kwanza, kisha ndipo nitamuuliza ameleta nini.