Mbwa wetu wa Suna na dozi ya shangazi

Wakuu, salamu kwenu. Haya yalitokea kwetu Suna, Migori, miaka ya tisini, na chumvi sijatia.

Tulikuwa na mbwa, Osiep, yaani rafiki kwa Kijaluo. Siku moja alianguka uani, akirusharusha miguu, povu mdomoni. Majirani wakasema ni kichaa cha mbwa, apigwe rungu.

Daktari wa mifugo alimkagua, akasema ni kifafa. Akatuachia phenobarb, vidonge vya kuzuia kifafa, apewe asubuhi na jioni.

Sasa, tuliishi na shangazi Dorina kutoka Sindo, naye pia ana kifafa. Vidonge vyake vilikuwa aina hiyo hiyo, anameza mara moja tu kwa siku, baada ya maombi ya jioni.

Mama yangu, Msabato anayependa kila kitu kwa saa yake, akaona ahangaike mara mbili ya nini? Akajumlisha dozi mbili za mbwa, akawa anampa yote baada ya maombi, ndani ya tonge la ugali.

Mwanzoni shwari. Kisha Osiep akaanza kuanguka tena, mara nyingi jioni, kabla ya dawa.

Siku moja akaangukia njiani, watoto wakipita. Wanaume wakaja na marungu, jirani yetu Ouma mbele. Niliogopa, sifichi.

Shangazi akapiga magoti kando ya mbwa.

"Ouma, hata mimi huanguka hivi. Povu ni hili hili. Mkimalizana na yeye, mtakuja kwangu?"

Ouma akashusha rungu, akasema tumfunge, ila akianguka tena huko nje tusimlaumu mtu.

Kesho yake daktari akauliza dawa tunampa vipi. Mama akaeleza kwa fahari. Daktari akashika kichwa.

Akasema dawa ikitoka tumboni huingia kwenye damu, halafu ini huivunja. Ini la mbwa huivunja haraka kuliko letu, na likiizoea ndio linaongeza kasi. Ikifika jioni, imebaki kidogo kwa damu.

Tukarudi asubuhi na jioni. Jua likizama namtazama Osiep, roho mkononi. Taratibu akatulia.

Halafu Ouma akaja tena, bila rungu. Akamuuliza shangazi, kwa sauti ya chini, dawa yake huipata wapi. Binti yake alikuwa akianguka, na walikuwa wakimficha.

Wakuu, dawa inaweza kuwa moja, lakini mwili si mmoja. Muulize daktari, hata kama ni ya mbwa. Na wewe unayemficha mtu wako ndani, karibu useme hapa. Hatubebi marungu.