Mama Aliyetufundisha Kupiga Kura

Habari zilinifikia nikiwa Kondele, hapa Kisumu, nimevua kiatu kimoja nikingoja fundi akishone. Jirani wa nyumbani alinipigia simu. "Bwana, yule mama wa kura ametuacha." Hakuhitaji kutaja jina. Katika mji wetu mdogo, usio mbali na Sondu, mama wa kura alikuwa mmoja tu. Kazi yake ilikuwa ushonaji wa sare za shule. Alizaliwa upande wa Kakamega, akaletwa huku na ndoa, na mumewe alipofariki hakurudi kwao. Kila uchaguzi ulipokaribia alikuwa akifunika cherehani yake, anakwenda kwenye ukumbi wa kanisa na kuwafundisha watu namna ya kupiga kura. Hakuna aliyemtuma wala kumlipa.

Niliwahi kukaa katika somo lake. Alikuwa amechora karatasi ya kura nyuma ya kalenda kuukuu, na badala ya wagombea ameweka samaki, jembe na sufuria, asije mtu akasema anafanya kampeni. Mzee mmoja akasimama na kueleza kwamba uchaguzi uliopita, chini ya jina la mtu wake, aliandika: tunaomba zahanati. "Mzee, hiyo kura iliharibika," mama akamwambia. "Iliharibika aje, na mwandiko yangu ni mzuri?" Ukumbi ukaangua kicheko. "Kura si barua, Mzee. Unaweka alama moja, kwa mtu mmoja, basi." Mzee akafikiri kidogo. "Sasa huyo mtu atajua aje kitu nataka?" Kicheko kikakatika. Mama akamjibu kwa upole, "Atajua kwa sababu atakuja hapa kutuomba kura, na sisi tutamwambia."

Na kweli alikuja, tukamwambia, akashinda. Zahanati ikajengwa, ikapakwa rangi, utepe ukakatwa, tukala wali. Muuguzi hakuja. Mama alifunga safari kwenda ofisini kwa mheshimiwa, akaambiwa mambo ya wauguzi yanaamuliwa juu. Akaenda huko juu, akaambiwa arudi kwa mwakilishi wake. Uchaguzi uliofuata alifundisha kwa bidii kuliko zamani, na watu wakamwondoa yule bwana kwa kura, kwa amani, kama inavyotakiwa. Mwakilishi mpya akaiwekea zahanati geti la chuma lenye picha yake. Muuguzi hakuja.

Mara ya mwisho nilipompitia dukani kwake nilimuuliza kama angefundisha tena. Hakuinua macho kutoka kwenye kitambaa. "Nifundishe nini? Kuweka alama wanajua." Nikamwambia watu wanamtegemea. Akasema, "Na mimi niliwategemea wale. Uchaguzi ukija nitakaa hapa nishone." Hakuwa na hasira. Ningefarijika kama angekuwa nayo, maana mtu mwenye hasira bado anatarajia kitu.

Alikuwa na pumu. Jumapili moja, watu wakitoka kanisani, kifua kilimbana dukani. Majirani wakambeba hadi zahanati kwa sababu ndiyo ilikuwa karibu, na pengine kwa sababu mtu akizidiwa akili hukimbilia palipoandikwa tiba. Geti lilikuwa na mnyororo. Wakampakia kwenye bodaboda, binti yake amemshikilia kwa nyuma, wakaelekea Kisumu. Alikata roho kabla ya kufika Ahero.

Kwenye mazishi mheshimiwa yule mpya alikuja na vipaza sauti vyake. Alimsifu marehemu kuwa mwalimu wa demokrasia, kisha akatangaza kwamba muuguzi ataletwa na zahanati itapewa jina la mama huyu. Watu wakapiga makofi. Binti yake akasimama kando ya jeneza. "Mheshimiwa, mama hakuwa anataka jina. Alikuwa anataka mtu wa kufungua mlango." Mtu akawaashiria wanakwaya, wakaanza kuimba, na mheshimiwa akapita akisalimia watu mkono kwa mkono. Walimpa mikono. Wengine walimwomba nauli.

Wasomaji wangu wamezoea nikiwaachia neno la kutia moyo. Leo sinalo. Nimeandika miaka mingi kwamba shida yetu ni kutojua, na kwamba watu wakielimishwa mambo yatanyooka. Mji ule ulielimishwa. Watu walichagua, wakajuta, wakachagua tena, bila fujo na bila kuuza kura zao. Walifanya kila kitu sawasawa, na mwanamke aliyewaonyesha akafia barabarani. Somo ninalolipata hapo silipendi: kuchagua vizuri kunambadilisha anayeketi ofisini, na ofisi yenyewe inaweza kubaki vilevile hadi tuzikwe sote. Ni juma la tatu sasa tangu tumzike. Jana nilipiga simu nyumbani kuuliza kama muuguzi amefika. Jirani alicheka, kisha akaniuliza hali ya mvua huku Kisumu.